Mtori Uliobaki Kwenye Chupa

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, anakata majani ya ng'ombe. Akarudi mdomo umekwenda upande. Namwuliza una nini, ananijibu kama mtu mwenye ugali mdomoni. Jirani akacheka, "Pombe ya mbege ya asubuhi hiyo, babu!" Mimi nikaona mkono wa kulia unaning'inia. Nikamwambia jirani, acha kucheka, washa gari. Tukashuka Moshi hivyo hivyo, mimi na mabuti ya shamba miguuni.

Hospitalini wakasema ni kiharusi. Nesi wa wodi, binti mwenye sauti nzito, akaniita pembeni.

"Bibi, asipewe kitu mdomoni, hata maji. Koo limelegea, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu kikamuua. Mpaka nimpime kumeza."

Akabandika karatasi ya "Asile, asinywe" juu ya kitanda. Akasema zamani hawakuwa wanapima, ndugu walilisha tu, na nimonia ikawamaliza wale ambao kiharusi kiliwaacha hai.

Karatasi ni nzuri, ila kwetu karatasi haimzuii mtu mwenye chupa ya mtori. Mtu akiugua, mtori unatangulia, pole inafuata.

Mchana akafika wifi yangu, dada wa mzee, kutoka Kirua, chupa kwapani.

"Amekula nini?"

"Hajala. Amekatazwa."

"Ndugu yangu afe njaa, na wewe umekaa hapo kama gogo?"

"Ana dripu, wifi."

"Dripu ni maji ya chumvi! Tangu lini Mchagga akashiba chumvi?"

Mama aliyekuwa anamuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mimi sikucheka, maana wifi alikuwa ameshafungua chupa, harufu ya ndizi na nyama imejaa wodi, na mzee amefumbua macho. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea chupa. Kisha akanitazama mimi. Mwanaume niliyempikia tangu ujana, ananiomba chakula, nami nikatikisa kichwa.

Wifi akachota. Nikaudaka mkono wake.

"Utakuja kulijibu hili mbele ya ukoo," wifi akasema.

"Nitajibu. Kijiko hicho hakipiti."

Tukavutana, mtori ukadondokea shuka. Hapo nesi akaingia. Hakugomba, akamgeukia wifi.

"Shikamoo, bibi. Njoo uone mwenyewe."

Akamketisha mzee, akampa maji, kijiko cha chai kimoja. Mzee akameza. Wifi akanitazama kwa ushindi. Halafu kikohozi kikaja, uso ukaiva, sauti ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nesi akamwinamisha, akaleta mashine ya kunyonya, akahangaika naye mpaka pumzi ikarudi.

"Hicho ni kijiko kimoja cha maji," akasema. "Ingekuwa chupa nzima?"

Wifi akafunika chupa yake.

Wakamlisha kwa mpira wa puani. Kila asubuhi nesi alimpima tena. Siku mzee alipomeza bila kukohoa, nesi akamgeukia wifi. "Bibi, sasa lete mtori mpya. Mzito, uliopondwa laini, usiwe na nyuzi za nyama. Mzito unashuka polepole, koo linauweza. Maji bado."

"Si nilisema mtori," wifi akanong'ona. Nilimwacha aseme.

Kijiko cha kwanza nilikishika mimi. Kidevu chini, kidogo kidogo, kama nesi alivyonionyesha. Mzee akameza. Wifi akanishika bega, tukainama tunasikiliza kama atakohoa.