X Nyekundu kwenye Jiko la Kaka

Mimi nina hasira za karibu, kijiji chetu kizima cha Matema kinajua. Ndiyo maana nilipopewa kazi ya kulinda ngome ya mawe iliyo juu ya kilima chetu, kaka yangu alicheka: "Haya, mawe nayo yamepata mbwa."

Ngome ile waliijenga watu wa kale mno, hata babu zetu hawakuwajua. Afisa wa mambo ya kale aliniagiza nitie alama kila jiwe lililoporomoka, mtu asilichukue. Nikatia X kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mtumbwi. Sasa, jiko la kaka, pale chini ya kilima, msingi wake ni mawe yaleyale; baba yetu ndiye aliyeyateremsha. Nikasema sheria ni msumeno, nikatia X na pale. Yeye alikuwa ziwani. Mjinga gani, Mtanzania mzima, anachora X nyekundu kwenye nyumba ya watu?

Asubuhi alirudi, akaiona. Hakuuliza. X nyekundu ni amri ya kubomoa, tingatinga liko njiani, nani asiyejua? Akabeba nyundo ya kupasulia mawe, akapanda kilimani. Nilimkuta ameshaangusha kipande cha ukuta cha kutosha mlango.

"Kaka, acha!"

"Ngome ikiisha watanibomolea kwa lipi? Wanangu wakalale wapi?"

Nikamrukia. Akanitandika ngumi, jino likatoka. Nikamng'ata, akanikaba, tukabiringishana kwenye mawe damu zikitutoka, watoto wa mama mmoja! Nikaiwahi nyundo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania jiwe la ukuta. Nikapiga. Nikapiga tena, Mungu anisamehe, maana pigo la kwanza lilitosha.

Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Siku ile wenye majembe waliyatupa, wakambeba kaka kwa machela.

Afisa alipokuja alinisifu, eti nimeokoa ukuta. Kuhusu jiko, akasema hakuna wa kuligusa, hakukuwa hata na wazo hilo. Kaka alisimama palepale akisikia. Vidole vya mkono ule havikunjiki tena, nyavu anavutiwa na wengine. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, nikamwinamia, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu: "Ugonile, kaka."

Kwetu mtu hasalimiwi kwa mkono wa kushoto, ni tusi. Akaunyoosha huohuo, machozi yakimlenga.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Nilionao ni huu."