Ng'ombe Hawahesabiwi

Juzi nilipanga foleni ya chanjo ya mifugo hapa Bunia. Mbele yangu alisimama mama mfugaji kutoka Bogoro.

"Mama, iko na ngombe ngapi? Na mbuzi?" karani akauliza.

Mama akaziba kinywa. "Siye hatuhesabiake. Ukihesabu, zinakufa."

"Basi dawa nitapima namna gani?"

"Nikipatia kila moja konzi moja ya chumvi, inaisha konzi makumi ine na tano. Nikipatia ngombe mbili-mbili, mbuzi moja-moja, inaisha konzi makumi saba. Ni ivyo tu."

Karani akakuna kichwa kwa kalamu. Mimi, aljebra ya shule ikiniwasha, nikaandika x na y nyuma ya bahasha, nikatoa mstari mmoja kwenye mwingine, nikapaza sauti: "Ngombe makumi mbili na tano! Mbuzi makumi mbili!"

Mzee mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Mama akanigeukia polepole, akaninyooshea kidole.

"Mumeona wote? Miye sikuhesabu. Ni huyu." Kisha, kwa upole wa kutisha: "Baba, unaikala wapi? Moja ikikufa, nitakuja."

Miaka sita nilifundishwa kumtafuta x. Hakuna mwalimu aliyenionya kwamba x ana mwenyewe.