Jina Alilolizika Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Painem, ana miaka sabini na minane na bado anafunga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwa majani ya mgomba kila alfajiri. Ni mkali kama pilipili. Haogopi mbwa wala askari. Kitu kimoja tu kimemtisha maisha yake yote: jina la kwanza la mwanawe, mume wangu Slamet.

Hapa Klaten tunajua kwamba jina linaweza kumwelemea mtoto. Mume wangu alipewa jina kubwa na babu yake, akafika miaka mitatu hajasimama, na kila wiki degedege ilimshika. Mama akapika uji mwekundu na mweupe wa kubadilishia jina, akaita majirani, akalitupa jina lile na kumwita Slamet, yaani salama. Mtoto akatembea. Tangu siku hiyo jina la zamani halikutamkwa; mimi mwenyewe nimeishi na mwanawe miaka kumi na tisa bila kulijua. Wala Mama hakwenda kubadilisha cheti cha kuzaliwa, kwa sababu karani wa vyeti angemtaka alitaje.

Figo za Slamet zilikufa mwaka juzi. Husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi kwa kadi ya matibabu ya serikali. Jumatatu ile kadi ikakataliwa. Akili bandia mpya inayokagua kadi ilikuta Slamet hana cheti, na mwenye cheti hana kadi, ikaamua kwamba Slamet ni mtu wa kubuni.

"Mtu wa kubuni ndiye huyu aliyevimba miguu mbele yako?" nilimwuliza karani wa hospitali.

"Namwona, dada. Lakini mimi sina uwezo wa kutengua. Imeamua yenyewe."

"Kwa sababu ipi?"

"Haisemi. Andika rufaa. Majibu ni siku kumi na nne."

"Siku kumi na nne! Majibu yako utampelekea kaburini?"

Karani akanisukumia fomu ya rufaa. Nilishikwa na hasira, kisha na hofu tupu. Mtu utamgombeza, utamlilia, hata mguu utamshika. Chombo hiki hakina masikio, na wakubwa waliokileta hawakutuachia hata mlango wa kubisha.

Kufika Alhamisi asubuhi, Slamet alikuwa anapumua kwa shida. Karani alitupa njia moja: mgonjwa wa dharura hadaiwi kadi, basi aingie kwa jina la cheti, ambalo kompyuta inalo. Kipaza sauti kitaita, na kikiita mara tatu bila mtu kuitika, nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Tulikaa kwenye benchi, sisi watatu, kama watu wanaosubiri hukumu.

Mama alimkamata mwanawe mkono. "Usiitike. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Lile jina lilitaka kukuua."

"Mama, hata hii damu chafu inaniua," Slamet alisema kwa sauti iliyokatika.

"Ni jina tu, Mama," niliingilia.

"Jina tu, eti! Ulikuwepo wewe, alipokuwa anakakamaa mikononi mwangu?"

Mimi nimesoma, na mambo hayo siyaamini. Lakini nilijikuta naomba dua kimoyomoyo.

"Surya Jagad," kipaza sauti kiliita.

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Jua la ulimwengu! Slamet alikodoa macho, midomo ikamcheza, neno halikutoka. Woga wa mama yake ulikuwa umemwingia hadi mifupani.

"Surya Jagad."

"Itika, baba, itika!" Nilimtikisa bega. Alinitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilitaka kuitikia mimi, na nakiri kwa aibu, ulimi wangu ulikataa.

"Surya Jagad."

"Nipo!"

Mama alikuwa amesimama, mkono juu. "Ni mimi. Surya Jagad ni mimi. Mmesikia? Jina hilo linifuate mimi."

Nesi alimtazama bibi kizee yule, akaitazama skrini, akamtazama karani. Karani akageukia dirishani. "Ameitika," nesi alisema, akamnyanyua Slamet taratibu, akampeleka ndani.

Mlango ulipofungwa, Mama alikaa chini. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilimfunika shali yangu.

"Mama," nilimwita.

"Usiniite hivyo," aliniambia. "Kuanzia leo niite hilo jina, hata nyumbani, hata mbele za watu. Lisije likamtafuta mwenyewe."