Kijiti cha Paa la Baba

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa paa huko Lavington, nikilala Kangemi. Likizo moja nilipeleka mabati kwetu magharibi ili nyumba ya baba iache kuvuja. Niling'oa nyasi kwa pupa, pamoja na kijiti kilichosimama kileleni. Kwetu kijiti hicho huondolewa mwenye nyumba akishakufa. Nilijua hilo tangu utotoni, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye misumari.

Baba alikiokota uani, akakipangusa vumbi, akaniuliza, "Sasa mimi nilale wapi?"

Nikacheka, mjinga mimi, nikaendelea kupigilia.

Alifariki kabla mvua haijayajaribu mabati yangu. Siku ya mazishi wazee walitazama paa, kisha wakanitazama mimi. Kazi yao nilikuwa nimeshaifanya.