Siku Nilipotumwa Kutazama Miavuli

Mama ndiye aliyenituma. Mwenyewe asingeweza kwenda, alikuwa edani. Baba alikuwa amefia kazini mwezi uliotangulia, na tangu siku hiyo mama hakuvuka ua wetu wa makuti pale Jomvu Kuu. Alivaa nguo nyeupe, hakutia wanja, hakujifukiza udi.

Kaka yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, alikuwa askari wa miavuli. Jumamosi ile jeshi lilikuwa na maonyesho ya ndege kwenye uwanja wa ndege ulio karibu na kwetu, na raia wote waliruhusiwa kuingia kutazama. Kaka alikuwa mmoja wa watakaoruka.

Hakuwahi maziko ya baba. Ruhusa ilichelewa, akafika udongo wa kaburi ukiwa umeshakauka. Alikaa na mama jioni moja tu, na katika mazungumzo ya kumwondolea huzuni akamweleza habari za maonyesho.

"Tutaruka watano," alisema. "Kila mmoja amefungwa kopo la moshi kwenye buti. Langu ni la moshi mwekundu. Mkiuona mwekundu, ni mimi."

"Na usipoonekana?"

Kaka akacheka. "Utauonaje, mama, nawe uko ndani? Atauona huyu."

Huyu ni mimi. Siku yenyewe mama aliniita mapema.

"Abee," nikaitika.

"Enda ukanitazamie. Lakini usinirudie na maneno ya watu. Siku ile ya baba yako niliambiwa mara amevunjika mkono, mara amezimia, mara yuko hospitali anazungumza. Kumbe wote walijua. Niletee ulichokiona kwa macho yako, basi."

Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa vizuri.

Uwanjani watu walikuwa wengi kama siku ya Idi. Walikuja na watoto, na miavuli ya jua, na vikapu vya chakula. Nilikwenda na jirani yetu muuza mahamri, mwanamke wa rika la mama, ambaye tangu tulipotoka nyumbani mdomo wake haukupumzika.

"Mimi ndege si haja yangu," aliniambia. "Nimekuja kuona nani kaja na nani."

Kisha ndege za vita zikapita chini chini, tatu kwa pamoja, na hata yeye akanyamaza. Mshindo wa ndege hizo niliusikia kwenye meno kabla ya masikioni. Mtoto mmoja alijificha ndani ya buibui la mama yake. Mwanamume nyuma yetu akasema, "Hiyo ikikosea kidogo tu inaingia jikoni kwako," na watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kamba iliyotutenga na uwanja. Nilingoja ndege ya askari wa miavuli, kubwa na ya polepole.

Ilipokuja, ilikuwa juu sana. Mtangazaji akatuambia tutazame. Vitu vidogo vikadondoka kutoka mlangoni, kimoja baada ya kingine, na miavuli ikafunguka. Moshi wa kwanza ulikuwa wa buluu. Wa pili kijani. Wa tatu njano. Wa nne ulikuwa mweupe, na sikuujali, kwa sababu ulipotea katika mawingu na kwa sababu haukuwa mwekundu.

Wa tano hakuwa na moshi kabisa.

Mwavuli wake ulikuwa umejikunja upande mmoja, ukizunguka. Ilikuwa majira ya kaskazi na upepo ulikuwa na nguvu. Ukamchukua, ukampitisha juu ya majengo, ukampeleka upande wa mikoko, tusimwone tena.

"Msijali, mabibi na mabwana!" kipaza sauti kikasema. "Huyo ameamua kwenda kutuvulia kamba!"

Watu wakaangua kicheko. "Atuletee tupikie wali wa nazi!" mmoja akapiga kelele. Lakini mimi niliona gari la wagonjwa likikata majani ya uwanja, bila king'ora, kwa kasi.

Jirani akanishika mkono. "Ni yeye. Wallahi ni yeye. Si alisema mwekundu? Mwekundu uko wapi?"

"Hatujui bado, mama."

"Wangoja nini kujua?" Akajifunga leso kiunoni. "Mwenzangu hawezi kukaa kule hana habari." Mpwa wake alikuwa na pikapu nje ya geti. Nikamwita, nikamsihi anisubiri. Hakugeuka.

Nikabaki nimesimama. Nikikaa kungoja ukweli, mama ataupokea uongo au kweli kutoka kinywa kile, peke yake. Nikienda, nitafika mikono mitupu. Nilimwendea askari aliyelinda kamba.

"Kaka yangu ni mmoja wa walioruka," nikamwambia. "Nataka kujua yule wa mwisho ni nani."

"Rudi nyuma, dada."

"Ni kaka yangu."

"Wote ni kaka zetu. Rudi nyuma." Hakuwa mkali. Macho yake yalikuwa kule kule kwenye mikoko.

Wale wanne walikuwa mbali, katikati ya uwanja, wakikunja miavuli yao, kofia ngumu vichwani, wadogo kama wanasesere. Mmoja alisimama akainua mkono kwa watu, akaushikilia juu muda mrefu. Sikumtazama sana. Nilikuwa natazama mikoko, naomba Mungu asiwe yeye, awe mwingine. Nilijua vizuri ninachoomba. Nilikuwa naomba habari ile apelekewe mama wa mtu mwingine.

Nikaondoka. Sikuwa na subira ya kungoja gari, nikashika njia kwa miguu, nikitembea na kukimbia, na ndege za vita zikiendelea kunipita juu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kilio nilikisikia kabla sijaufikia ua wetu. Wanawake walikuwa wamejaa. Mikeka ya matanga, ile ile tuliyoikunja baada ya baba, ilikuwa imetandikwa tena. Jirani alikuwa katikati, anasimulia jinsi alivyomwona kaka uso kwa uso akianguka. Mama alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, na mtu anampepea.

Aliponiona akainua mkono. Wote wakanyamaza.

"Umeona nini?"

"Wameruka watano. Wanne wametua salama. Wa tano mwavuli wake ulijikunja, upepo ukampeleka mikokoni. Hakuwa na moshi."

"Na mwekundu?"

"Sikuuona mwekundu."

Mtu akaanza kulia upya. Mama hakumtazama. "Huyo wa tano ni mwanangu?"

"Sijui, mama."

"Umemwona uso?"

"Hapana."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi kunjeni mikeka. Mimi simlilii mtu nisiyejua kama amekufa."

Jirani akataka kusema neno. "Shoga," mama akamwambia, "wewe nenda ukaangalie unga wako usije ukaumuka ukamwagika."

Wakaondoka mmoja mmoja, wamekasirika. Mama akaniagiza nipike. "Na chakula chake ukiweke." Nikapika. Nikakifunika chakula cha kaka kwa kawa, tukakaa. Alasiri ikapita. Kila gari lililopita njiani, vidole vya mama vilisimama kwenye tasbihi mpaka lilipokwisha kupita.

Karibu na magharibi, gari moja halikupita. Mlango wa gari ukafungwa. Kisha, "Hodi."

Ilikuwa sauti yake. Mama hakuinuka. Kaka aliingia akapiga magoti mbele yake, naye akampapasa kichwa na mabega kama anayenunua kitu sokoni asichokiamini. Kwenye buti lake la kushoto kulikuwa na unga mweupe.

"Ulisema mwekundu," nikamwambia.

"Tulibadilishana alfajiri, mimi na mwenzangu. Yeye alipewa mweupe akasema hauonekani kwenye mawingu." Akanitazama. "Nilikupungia mkono. Hukuniona?"

Nikaenda kukifunua chakula chake.

Moshi ule, alisema, huwashwa kwa mkono, na mikono ya mwenzake ilikuwa ikipigana na kamba za mwavuli. Alianguka majini, maji yakiwa yamejaa, mwavuli ukamfunika. Wavuvi walimtoa, lakini walikuwa wamechelewa.

Lazima niseme kweli: nilipoyasikia hayo nilikuwa nalia, na nilikuwa nalia kwa furaha.

"Ana mama?" mama akauliza.

"Yuko, kwao bara, mbali. Hajaambiwa. Watampelekea habari kesho."

Mama akatazama nje, mahali wanawake walipoirundika mikeka.

"Lete mmoja," akaniambia.

Nikauleta, nikautandika. Alishuka kitandani akaketi juu yake, akamvuta kaka akae upande mmoja, nami upande wa pili.

"Mwenzangu bado hajui," alisema. "Tumwanzie."

Na hapo ndipo mama alipolia.