Kutoka Kihesa Kuifuata Kompyuta Iliyozimika Saa Nne

Niliondoka kwa sababu ya kompyuta iliyokuwa Mbeya. Mama alikuwa amefariki nyumbani kwetu Kihesa, Iringa, nami ndiye mwanawe pekee wa kiume, hivyo ilinipasa kukaa kupokea watu mpaka arobaini. Kazi yangu ni kuandaa hati za malori yanayobeba mchele kutoka Rujewa. Bosi aliniruhusu niifanye nikiwa msibani: kompyuta ndogo niliyonayo inaunganishwa kwa intaneti na ile ya mezani kwangu ofisini, naiendesha kwa mbali. Nilimwomba asimwambie mtu ila fundi wa kompyuta wa ofisi. Niliona aibu ijulikane kwamba nafanya kazi kaburi la mama likiwa bado bichi.

Kila siku, ikifika saa nne asubuhi, ilikatika. Nilibadilisha laini, nikanunua modemu, nikahamia chumba cha uani. Nikamshuku hata jirani anayechomelea mageti.

"Moto wangu unachoma chuma, bwana," alisema. "Hiyo intaneti yako hata sijawahi kuiona."

Lakini alizima mashine yake kunisaidia. Saa nne ikakatika vilevile.

Fundi Lwitiko, kila nilipompigia, alijibu, "Nimeikuta imezima. Labda umeme. Nimeshaiwasha." Nikauliza ni umeme gani unaokatika meza moja tu. Naye hakujua. Bosi akanipa mpaka Ijumaa: isipotulia, nirudi Mbeya, la sivyo atamweka mwingine. Arobaini ilikuwa bado wiki mbili.

Jumatano alfajiri dada yangu Mwajuma alinisindikiza mlangoni, akauliza naenda kufanya nini ilhali wageni wanakuja. Nikasema nafuata vitu ofisini. Haikuwa kweli, na mpaka Mafinga nilikuwa bado nayafikiria maneno yale.

Makambako, kwenye upepo baridi, dereva mmoja alinipigia kutoka Rujewa.

"Kaka, hati vipi? Mchele uko juu ya gari tangu juzi. Nimeshajua majina ya ng'ombe wote wa huku!"

Nilimwomba radhi. Baada ya Igawa mashamba ya mpunga ya Usangu yalitanda kijani upande wa kulia, nami sikuyaona vizuri. Nilikuwa narudia hesabu ileile: laini nzuri, modemu nzuri, umeme upo. Sasa nini?

Mbeya, Alhamisi asubuhi, Lwitiko alinikalisha stoo, ng'ambo ya korido, nikaunganisha kama nilivyofanya Kihesa. Ikaenda vizuri. Saa nne wote wakatoka kwenda kunywa chai. Kioo kikawa cheusi.

Nilikimbilia chumba chetu cha kazi. Mama Tumaini, anayetufanyia usafi, alikuwa ameshika ufagio mkono mmoja, mwingine uko kwenye swichi ya ukutani ya kompyuta yangu.

"Mama Tumaini!"

Aliruka. "Yesu wangu! Mwanangu, umerudi? Pole sana na msiba."

"Mbona unazima?"

Akaonyesha kiti changu. "Kiti kitupu, maandishi yanajiandika! Nikasema, mwenzao kaenda kumzika mama yake, huku wamejificha mahali wanamnyang'anya kazi. Niwaache? Kila wakienda chai, nawazimia."

"Ni mimi niliyekuwa naandika, mama."

"Wewe? Msibani?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Sasa mbona hukuniambia?"

Lwitiko, aliyekuwa amenifuata, alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikuweza.

Nilimweleza bosi yote, nikasema kosa ni langu niliyeficha, asimgombeze mama yule. Akasema, "Kesho nataka hati zote kabla ya sala ya Ijumaa."

Nilirudi na basi la mchana. Usiku ule nilimwambia Mwajuma ukweli. Akasema alishajua, kuta za uani ni nyembamba.

Ijumaa nilikaa sebuleni, mbele ya watu. Saa nne ikafika, ikapita, na kioo hakikuzima. Nilichojifunza ni kwamba niliwaogopa watu ambao hawakuwa na neno nami. Bibi mmoja aliyekuja kutoa pole aliketi karibu yangu, akatazama herufi zikijipanga.

"Hii ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha mama yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi maliza," alisema, akajifunga vizuri mtandio wake. "Sisi tunakusubiri, utusimulie alivyoondoka."