Mzee wa Kufungua Vikao

Pale Olmotonyi hakikuanza kikao bila Parsimei. Kamati ya harusi, msiba, jumuiya ya Jumamosi alfajiri, hata mkutano wa mfereji wa maji: mwenyekiti angemgeukia na kusema, "Mzee wa kanisa, tufungulie kwa sala." Naye Parsimei angeinuka taratibu, avue kofia, aweke sawa shuka begani ili hata wa nyuma wamwone, kisha amwage sala kwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo mpaka chai ipoe. Alijipenda sana akiomba, mzee huyu.

Nyumbani alikuwa bubu. Bubu kabisa! Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, mkewe Theresia aliomba peke yake, asubuhi akikamua, jioni akifunga banda, maneno mawili matatu na Bwana wake, basi. Parsimei alimdharau kwa hilo. Sala gani hiyo ya kunong'ona katikati ya mavi ya ng'ombe? Tangu daktari aseme uvimbe wa tumboni lazima utolewe, mama wa watu alimsihi miezi mitatu mizima, "Baba Hanna, tuombe kidogo, mimi na wewe." Mwanamume akaendelea kutafuta taarifa ya habari redioni.

"Jumamosi jumuiya itakuombea."

Kana kwamba Mungu hufungua ofisi Jumamosi tu!

Siku ikafika. Saa tatu asubuhi, katika hospitali moja mjini, muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. Theresia, ambaye hakuwahi kuogopa hata fahali, alikuwa akitetemeka midomo. Akamshika mumewe mkono.

"Baba Hanna, niombee. Wewe, si jumuiya."

Parsimei akatoa simu ampigie mchungaji. Hakupatikana. Akapiga tena.

"Mzee, kama ni sala, fanya sasa," muuguzi akasema. "Daktari anasubiri."

Basi akavua kofia, akakohoa. "Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo," akanguruma, wodi nzima ikageuka, "tunakushukuru kwa kutukutanisha. Tunakukabidhi kikao hiki, uwabariki wajumbe waliofika na walio njiani..."

Hapo akajisikia mwenyewe. Akakwama. Alitafuta neno moja la kumwombea mke wake, na kichwani hamkuwa na kitu.

Theresia akauachia mkono wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma. Akafumba macho, akasema polepole, "Bwana, ni mimi tena. Nishike." Midomo ikatulia. Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa.

Kwenye benchi la korido, Parsimei alijaribu. "Bwana, ni mimi," akanong'ona. Aliona aibu, kwa maana alijua fika kwamba huko juu mbinguni hakuzoeleka kiasi hicho. Ikabidi ajieleze.

"Parsimei," akasema. "Wa Olmotonyi. Mume wa Theresia."